Darasa Lenye Paa la Juu Sana

Tarakea, 4 Februari 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo mama. Barua hii nimempa konda wa basi la asubuhi aiache dukani pale Mwika sokoni, pamoja na sweta la Evelyn tulilolisahau na maharage ya njano kidogo. Martin anakusalimu. Yuko safarini na lori.

Nimekubali tuandikiane kama ulivyosema. Juzi nilikupigia simu nikauliza kama Evelyn amekunywa dawa ya kikohozi, ukanijibu kwa sauti kubwa kwamba kahawa bado haijaiva. Nilicheka, halafu nikaona huruma. Masikio yamekukataa, lakini mkono wako haujambo. Umefundisha katekisimu miaka yote ile, mwandiko wako unasomeka kuliko wangu.

Mama, nimemleta mtoto kwako kwa sababu ananitia hofu. Amekulia nyuma ya kaunta, katikati ya magunia, simu mkononi. Alijua kutafuta katuni kabla hajajua kuvaa viatu. Watu hasemi nao. Akiona mdudu anapiga yowe, akikanyaga udongo anataka kubebwa, na ngazi mbili tu anazishuka ameshika ukuta. Shule ya awali ya hapa wamenirudishia: "Mama Evelyn, huyu hakai, hashiki penseli, hasemi. Jaribu mwakani." Ana miaka mitano! Nilitoka pale nimemshika mkono, sijui nimfiche wapi.

Naomba umtafutie darasa la kweli. Mwakani nataka aingie la kwanza Moshi mjini, shule ile ya Kiingereza anakosoma mtoto wa wifi Gladys wa Shirimatunda. Usaili wao ni mkali. Kwa hiyo awe na mwalimu aliyesomea, darasa lisilo na msongamano, lenye hewa, na liwe karibu asivuke barabara. Nakuomba sana, asizurure tu kihambani, huko kwenye migomba na kahawa, na mbuzi.

Mkweo,
Violet

*

Mwika, 18 Februari 2024

Mkwe wangu Violet,

Marahaba mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo. Maharage yamefika, tumeyapikia kiburu cha ndizi, na mtoto amekula akaomba tena.

Darasa limepatikana, na kila ulichotaja kipo. Mwalimu ni binti wa Moshi mjini anaitwa Nasrin. Amesomea chuoni ualimu wa watoto wadogo. Mwanzo alikuwa akifundisha huku kwetu katika chumba kimoja chenye watoto kama siafu, akaona anawachunga, hawafundishi. Akaacha, akaanzisha lake. Amepanga kile chumba changu cha uani, na ni mtu wa heshima. Saa za swala zikifika nami nakumbuka rozari yangu.

Msongamano hakuna. Darasa ni kubwa, mtoto hamgusi mwenzake kwa kiwiko asipotaka. Hewa inatosha na kubaki. Madirisha hayana hata nondo moja. Paa liko juu sana, sijamwona fundi wa kulifikia. Maji yanapita humo humo darasani, baridi na masafi. Wala havuki barabara. Mimi mwenyewe nikisimama jikoni naona anavyosoma.

Siku ya kwanza alisimama mahali pamoja, akakataa kukaa, akakataa kushikwa. Mwalimu hakumvuta. Alikwenda akasimama naye kimya, kama watu wanaosubiri gari moja. Siku iliyofuata kinyonga aliingia darasani, watoto wote wakaacha walichokuwa wakifanya kumtazama. Evelyn naye akasogea. Alimtazama mpaka akasahau kuogopa. Usiulize kinyonga alipitia wapi. Nimekwambia madirisha ni makubwa.

Mimi mama yako,
Mektrida

*

Tarakea, 10 Machi 2024

Mama, shikamoo,

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti! Maji darasani! Mimi hapa nabeba kwa ndoo. Mama Denis wa duka la jirani amebaki ameshika kiuno, anasema Mwika mmeendelea. Nimemwambia mkwe wangu hacheki na elimu.

Nimetuma soksi nyeupe, viatu vyeusi vya ngozi na tai. Mtoto wa darasa kama hilo lazima aonekane. Je, penseli ameanza kushika?

Na nina habari: nina mimba. Nimechelewa kukwambia kwa kuwa inanisumbua. Daktari ameniambia nipunguze kubeba mizigo. Hivyo kujua Evelyn yuko mahali pazuri ndiyo dawa yangu ya usingizi. Mungu akubariki.

Violet

*

Mwika, 21 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Kwa habari ya mimba nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Kula, pumzika, na Martin aache kujifanya haoni gunia.

Soksi zipo, nyeupe vilevile kama zilivyokuja. Viatu havijapata hata mkwaruzo. Penseli bado, lakini vitu vingine anashika: vijiti, mbegu za parachichi, kamba, jembe dogo la kwangu. Mwalimu anasema mkono ule ule ndio utakaoshika penseli, na usiharakishwe.

Sasa sikia ushindi wetu. Kuna zoezi la kuruka hapo darasani, juu ya yale maji. Wenzake wote walikwisha kuruka. Yeye kila siku alifika ukingoni, akainama, akarudi. Alhamisi nilikuwa namenya ndizi za supu ya mtori. Nikamwona amerudi nyuma, amekunja uso kama babu yake alipokuwa anataka kuuza ng'ombe. Akakimbia. Akatua katikati ya maji, pwaa! Mimi nikatupa kisu. Lakini kabla sijafika alikuwa amesimama, amelowa mpaka nywele, anacheka. Violet, nilikuwa sijauona mdomo wa mtoto huyu ukiwa wazi kwa kicheko. Akatoka, akarudi nyuma, akaruka tena. Akavuka! Watoto wakamzunguka wanapiga makofi, na mimi kizee nikacheza na sufuria mkononi.

Kuna na jingine. Wana somo la kusikiliza. Wanakaa kimya, kisha kila mmoja anasema alichosikia. Evelyn siku hizi analileta somo hilo nyumbani. Asubuhi ananigusa bega, anasema karibu na sikio langu zuri, "Bibi, ndege kwezi amelia. Bibi, baba Sifael wa jirani anapasua kuni." Miaka mingi sasa asubuhi yangu ilikuwa bubu. Mtoto uliyeniambia hasemi, ndiye ananisimulia dunia.

Mektrida

*

Tarakea, 21 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Natanguliza heshima, kwa sababu baada ya hapa sijui kama itaonekana.

Jumatatu sikukuaga vizuri kwa hasira. Nilitaka kuwashtukiza. Nilikuja na keki. Niliposhuka sokoni nikamuuliza kijana wa bodaboda darasa la Mwalimu Nasrin liko wapi, akanishusha kwenye masale, ile mimea ya uzio wako. Nikamwambia, "Hapa ni kwa mkwe wangu." Akasema, "Ndiyo, mama. Ndipo hapo. Pita migombani."

Mama! Darasa ni kihamba chako! Maji ya darasani ni mfongo, mfereji wa kumwagilia kahawa! Nilimkuta mwanangu amelala kifudifudi kwenye matope, peku, majani kichwani, uso umegusa kichuguu. Wenzake wawili juu ya mti. Na paa, ndiyo, liko juu sana, nililiona. Lilikuwa linanyesha.

Niliita "Evelyn!" akaniambia, "Mama, nyamaza, mchwa wanajenga." Aliniambia nyamaza, mama.

Umenichezea. Nimejisifu soko zima la Tarakea kwa ajili ya migomba. Nilikuomba kitu kimoja, asizurure kihambani, na wewe ukamfanyia kihamba kuwa shule. Mtoto wa mwenzangu anafundishwa kusoma, wa kwangu anafundishwa tope. Usaili watamuuliza habari za mchwa?

Nimemchukua, yuko nami hapa. Na sikufichi: nimeandika malalamiko kwa ofisi ya elimu ya kata. Nimewaambia kuna mtu anawalaza watoto kwenye mvua na kuita shule. Kama kuna kibali, wakione. Kama hakuna, wafunge.

Violet

*

Mwika, 28 Mei 2024

Mama Evelyn,

Habari za Tarakea? Poleni na uchovu wa safari, hasa kwa hali yako.

Nimesoma barua yako kwa sababu Bibi alinipa, akaingia ndani, akafunga mlango. Nianze na lililo haki yako. Mimi niliamini unajua. Bibi aliniambia, "Mama yake amefurahi sana, hasa kuhusu paa." Nilipaswa kukuandikia mwenyewe tangu mwanzo. Mtoto ni wako. Kwa hilo naomba radhi.

Lakini kwa darasa lenyewe siwezi kuomba radhi, dada yangu. Niliwahi kufundisha ndani. Watoto wengi kiasi kwamba kazi yangu ilikuwa kusema "kaa", "nyamaza", "usiguse". Wakirudi nyumbani walikuwa wamejua mambo hayo matatu tu. Huku nje hakuna cha kuwakataza kila dakika, kwa hiyo napata nafasi ya kufundisha. Wanahesabu kahawa, na kahawa haiishi. Wanapanga majani, wanajua kubwa, dogo, linalofuata. Wanabishana nani aanze kupita kwenye gogo, wanajifunza zamu. Anayeanguka anajifunza alipoweka mguu vibaya, na mara ya pili anauweka vizuri. Kikohozi cha Evelyn, je, umekisikia tangu umchukue?

Siku uliyokuja hakuwa amelala tu. Alikuwa amewafuata mchwa wale tangu wiki iliyopita na alitaka kujua wanapeleka wapi udongo. Mtoto aliyeambiwa hakai, alikaa pale kuanzia chai mpaka ulipofika.

Afisa wa kata, Mzee Filemon, amekuja. Ni mtu wa haki. Amesema kweli hatuna choo cha watoto wala mahali pa kujikinga mvua ikizidi, na hatujasajiliwa. Amesimamisha masomo mpaka akague. Hilo sikulaumu, tulipaswa kuvifanya mapema. Ila asubuhi watoto bado wanakuja, wanachungulia kwenye masale, wanauliza kama leo ndiyo leo.

Msalimu Evelyn. Mwambie mchwa wamemaliza ukuta.

Mwalimu Nasrin

*

Tarakea, 14 Julai 2024

Mama yangu Mektrida,

Shikamoo mama. Ndani ya bahasha hii kuna sale, kitawi chenye majani yake. Nimelipata kwa mzee mmoja wa hapa, Mchaga wa kwetu. Aliniuliza ninampelekea nani, nikamwambia, akanikatia lile bichi kuliko yote. Mimi siyo wa kukufundisha maana yake. Aliyekosa hupeleka sale, na anayeletewa sale hakatai.

Nikueleze kilichotokea.

Evelyn aliporudi nilimweka nyuma ya kaunta kama zamani. Nikampa simu. Akaitazama kidogo, akairudisha: "Mama, hii haina harufu." Akakaa. Kila asubuhi akauliza kama tunakwenda kwa Bibi, nikamjibu hapana, na taratibu akaanza kunyamaza tena. Nikamtafutia mwalimu wa kumfundisha jioni, akaleta daftari na fimbo. Baada ya wiki moja akaniambia mtoto ni mzito. Nilimwamini, mama. Kikohozi nacho kikarudi.

Kisha ikaja siku ya gulio. Duka limejaa, wateja wa Kenya wamefika, na mimi na tumbo hili sigeuki vizuri. Gunia la maharage likapasuka juu ya lingine, yakachanganyika yote, njano, mekundu, yale ya madoa, sakafu nzima. Nilikaa chini nikashika kichwa. Mteja alikuwa anataka ya njano matupu, na gari lake linanguruma nje.

Nikamsikia Evelyn anaita watoto wa majirani. Anawaita, mama! Kwa sauti! "Njooni, kuna kazi ya kuchagua!" Wakaja, wa Mama Denis na wengine. Akawakalisha kwa duara uani, akamwaga maharage kwenye turubai. "Wewe njano. Wewe mekundu. Wewe ya madoa. Mawe weka hapa, usitupe, tutayahesabia." Mtoto mmoja akaanza kulia kwamba anataka njano, akamwambia, "Utapata zamu." Walimaliza turubai lote, wakaenda jingine. Alikuwa anaweka jiwe moja kwa kila kopo kumi, na mwisho akaja na mawe yake viganjani, akanitajia makopo yote bila kukosea. Mimi nilirudia kuhesabu, nikakuta ni vilevile.

Yule mteja, mama wa Kenya, akamuuliza, "Umefundishwa wapi, kasichana?" Evelyn akamtazama usoni. Akasema, "Shikamoo. Darasani kwetu. Kwa Bibi." Nikaingia ndani, nikalia kwenye magunia.

Nilijua nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwako, nami nikakikatiza.

Kesho yake nilipiga simu ofisi ya kata kufuta malalamiko. Mzee Filemon akasema kwa upole, "Mama, barua ikishaingia kwangu si yako tena. Ukaguzi utafanyika. Lakini kama una jipya, liandike, nitalisoma." Nimeandika. Na mabati ya banda la kujikingia mvua nimeyapakia kwenye lori la Martin, pamoja na Evelyn mwenyewe. Yeye amekaa mbele, karibu na baba yake, hataki kushuka hata kuniaga. Mimi daktari ameniweka kitandani mpaka nijifungue, sitaweza kuja.

Wapokee wote wawili, mtoto na mabati. Na kama umekubali sale, niandikie.

Violet wako

*

Mwika, 28 Julai 2024

Violet mwanangu,

Sale nimelipokea, nimelipanda pale uzio ulipokuwa na pengo. Nami nilikosa. Nilisema kweli tupu na kweli ile ikakudanganya, na padre amenipa kitubio kirefu kuliko nilivyotarajia.

Evelyn alishuka kwenye lori akakimbia moja kwa moja, hakunisalimu hata mimi. Nilimkuta kwenye kichuguu.

Baba Sifael na wazazi wengine wanachimba choo. Martin amepiga bati mpaka giza limemkuta. Lala usingizi.

Mektrida

*

Mwika, 20 Septemba 2024

Mkwe wangu Violet,

Kaa vizuri kitandani, weka mto mgongoni, usome polepole. Ukaguzi umefanyika jana.

Mzee Filemon alikuja na wenzake wawili kutoka wilayani, viatu vyao vinang'aa. Wazazi walisimama kando ya migomba wamevaa kama kipaimara. Mwalimu Nasrin alikuwa ametulia, ila nilimwona akishika kona ya mtandio wake. Mimi nilikaa kwenye kigoda, Evelyn ubavuni kwangu, mdomo kwenye sikio langu. Kwa hiyo yote ninayokuandikia, nimeyapata kwake.

Walianza na banda. Wakaangalia mabati yako, wakatikisa nguzo, zikakataa kutikisika. Wakaenda chooni, wakarudi wameridhika. Wakauliza habari ya nyoka. Mwalimu akaonyesha palipofyekwa na sanduku la dawa, na akamwita mtoto mmoja aeleze afanyeje akiona nyoka. Mtoto akasema, "Nasimama, narudi nyuma, naita mkubwa." Wakaandika. Wakauliza habari ya mfongo; wakaonyeshwa uzio wa mianzi kwenye maji marefu na ule upande mwembamba wa kurukia.

Ndipo mmoja wa wale wa wilayani, mwembamba, mwenye miwani, akasema, na Evelyn akaninong'oneza neno kwa neno: "Bibi, anasema sisi tumezoea kukimbia, tukienda shule hatutaweza kutulia."

Mwalimu Nasrin hakubishana. Akawaambia watoto, "Somo la kusikiliza." Basi. Hakupiga kengele, hakushika fimbo. Watoto wakakaa popote walipokuwa, kwenye mawe, kwenye gogo, chini. Wakafumba macho. Violet, kile kihamba kilitulia hata mimi nikakisikia kimetulia. Wakubwa ndio walioshindwa. Mama mmoja alikohoa, yule wa miwani akawa anahamisha mguu huu na huu. Watoto hakuna aliyejongea, mpaka nikaona jasho la yule bwana.

"Haya, mmesikia nini?" Wakaanza mmoja mmoja. Maji. Ng'ombe anacheua. Jani la mgomba limepasuka. Pikipiki inashuka kwa breki mbaya. Sifael akasikia mama yake anasali. Ikafika zamu ya Evelyn. Akasimama, mikono nyuma. Akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Nimesikia simu ya mzee inatetemeka mfukoni, na yeye anajifanya hakuna kitu."

Wote tukamgeukia yule wa miwani. Akatia mkono mfukoni, akaitoa, bado inatetemeka! Wazazi waliangua kicheko mpaka kuku wakaruka. Mzee Filemon alicheka akashika mgomba. Hata mwenye simu alicheka, heri yake, akasema, "Ni mke wangu, na nikirudi nyumbani mtoto huyu nitamtaja."

Mzee Filemon akamwita Evelyn. Nilishika kigoda. Akamuuliza, "Kwa nini tangu nifike unamnong'oneza bibi yako?" Akajibu, "Bibi hasikii vizuri. Mimi ndiye namsikilizia." Yule mzee alifunga faili lake. Kisha akachomoa kalamu yake mwenyewe, akampa na karatasi. "Unaweza kuniandikia jina lako?"

Sasa hapo nikatafuta rozari yangu, maana penseli tulianza naye juzi juzi tu. Alichuchumaa, akaweka karatasi juu ya jiwe. Akaishika kalamu kwa vidole vitatu, sawasawa, kama anashika mbegu asiiponde. Akaandika EVELYN, herufi zote zimesimama. Akafikiri. Chini yake akaandika BIBI.

Hawakuondoka kwenda kujadiliana. Walisimama pale pale, Mzee Filemon akasoma barua yako mbele ya wote, ile uliyosema mtoto wako ulimpeleka bubu akarudi mfanyabiashara. Kisha akatamka uamuzi. Niliona midomo yake na nikaona wazazi wanarusha mikono. Evelyn akanipigia kelele sikioni: "Bibi, amesema tuendelee! Tumepata!" Nilikuwa nimeelewa tangu mwanzo. Nikamwambia rudia, bibi hajasikia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena.

Tumepika mtori wa kijiji kizima. Mwalimu Nasrin alikula sahani mbili huku analia. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa naye alikuwepo. Ameomba watoto wake wa darasa la awali wawe wanaletwa kihambani asubuhi mbili kila wiki, na Nasrin awafundishe walimu wake namna ya kufanya. Ruwa, Mungu wetu, ni mkubwa.

Mektrida

*

Tarakea, 3 Novemba 2024

Mama, shikamoo,

Ni mvulana! Mzima, ana mapafu ya konda wa basi. Martin amechinja mbuzi kabla hata sijaletwa nyumbani, na mafuta ya supu yake yamenisimamisha. Jina tumempa Eliezeri, la babu yake, kama atakukera kwa ubishi ujue ameanza kazi.

Barua ya ukaguzi nimeisoma mara nyingi, nimeisoma dukani pia. Mama Denis ameuliza kama kihamba chako kinapokea watoto wa Tarakea. Safari hii sikumtajia madirisha. Nilimwambia ni migomba, ni tope, na ni shule bora niliyowahi kuiona.

Wifi Gladys alimpeleka Evelyn kwenye usaili kule Moshi, kama tulivyopanga. Wamemkubali, wamesema ni mmoja wa watoto waliojibu kwa kujiamini kuliko wote. Walinipigia, nikashika simu nikacheka kwa furaha. Kisha nikawashukuru, nikawaambia hapana. Januari ataingia la kwanza hapo hapo Mwika, arudi mchana kwenye mchwa wake. Kiingereza kitamkuta. Furaha ikiondoka, sijui nani huenda kuitafuta.

Nikipata nguvu, sisi wote tunakuja Krismasi. Naja na buti za mvua, za kwangu.

Violet

*

Mwika, 22 Januari 2025

Mkwe wangu,

Nyumba bado inanukia maziwa ya Eliezeri tangu mlipoondoka, na sitaki kufungua dirisha.

Evelyn yuko la kwanza. Mwalimu wake ameniambia ni mtoto anayeuliza sana, nikamwambia amshukuru Mungu na ajiandae. Jana aliwapeleka wenzake wanne kwenye mfongo baada ya shule. Mmoja alikuwa anaogopa kuruka. Sikujitokeza, nilitazama tu kutoka jikoni. Aliruka yeye kwanza, akageuka, akamnyooshea mkono.

Darasa la Nasrin limefunguliwa tangu juma lililopita. Wameletwa wapya hadi kutoka Marangu. Nilidhani mwalimu atashtuka, ndio kwanza anaimba.

Na leo asubuhi, kabla watoto hawajaanza, masale yakatikisika. Akaingia Mzee Filemon. Nikasema moyoni, haya, ukaguzi tena, nikaanza kujifunga kanga vizuri. Lakini hakuwa na faili. Amevaa buti za mpira mpya, bei bado imebandikwa kisiginoni. Mkononi amemshika mjukuu wake, kasichana ka miaka minne hivi, kamejificha nyuma ya suruali yake, kanaangalia udongo kama mtu anayeangalia bahari.

Alinisalimu, akavua kofia. Evelyn alikuwa anasubiri wenzake waende shule, akaja mbio kunisikilizia.

"Mwalimu Nasrin," mzee akasema, "huyu hasemi na watu. Anaogopa kila kitu. Nimesikia mmejaa. Sijui kama kuna nafasi."

Mwalimu Nasrin aliwatazama watoto wake waliotawanyika kahawani, akatazama migomba, na mlima ule juu ya migomba umetoka mweupe wote. Akapiga magoti mbele ya yule mtoto, wakatazamana usoni.

"Nafasi ipo, mzee," akasema. "Nje hakujai."

Mama yako,
Mektrida